Chupa za cheri chini ya sakafu ya jumba la George Washington: tuongee kuhusu waliozifukia

FundiChokaa

Wakuu salaam. Humu mi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache, leo naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa kifuani tangu jumamosi ya juzi na itakuwa ndefu.

Mi ni fundi ujenzi, matofali na plasta, nipo Virginia huku Marekani mwaka wa tisa sasa, kwetu Singida. Binti yangu alipewa kazi ya shule kuhusu George Washington yule rais wa kwanza, basi tukaenda kwenye nyumba yake inaitwa Mount Vernon, ipo juu ya mto Potomac, kama kilomita 24 hivi kusini ya jiji la Washington. Nilienda kama mzazi wa kumsindikiza mtoto tu. Tangu nirudi kila usiku nasoma.

Kwanza lile jumba. Ukiliona kwa mbali unaapa kabisa hili ni la mawe, mawe makubwa yaliyochongwa yakapangwa mistari. Sogea karibu, kumbe mbao. Walikata kingo za mbao zifanane na maungio ya mawe, wakapaka rangi, na rangi ikiwa bado mbichi wakairushia mchanga ili ikikauka ikwaruze kama jiwe. Nilisimama pale ukutani mpaka binti akanivuta mkono. Hiyo kazi naijua, kurusha mchanga usawa ule ule ukuta mzima bila kuacha madoa inataka mkono uliotulia, na pale Mount Vernon maseremala na mafundi wengi walikuwa watumwa.

Nyumba ilianzwa na baba yake mwaka 1734, George akaja kuipanua mara mbili, shamba likafika ekari 8,000. Baadaye familia ikashindwa kuitunza, mwaka 1858 chama cha wanawake kikachangisha dola 200,000 kikanunua jumba na ekari 200, na chama hicho hicho ndo wanamiliki mpaka leo.

Sasa mwaka 2023 walianza ukarabati mkubwa, dola milioni 40, maana magogo ya chini yanayobeba nyumba yalikuwa yamechoka na maji yanaingia kwenye stoo ya chini. Kilichonifurahisha ni kwamba kabla fundi hajagusa popote wanaakiolojia wanaingia kwanza, wanachimba sentimita kwa sentimita mpaka waridhike, ndo fundi anapewa eneo. Nimefanya kazi kwenye saiti nyingi sana maishani, sijawahi kuona fundi anasubirishwa kwa heshima ya udongo.

Huko stoo kuna sakafu ya matofali iliyowekwa miaka ya 1770. Wakayatoa matofali. Chini yake, mwishoni mwa 2023, wakakuta chupa mbili za kioo kizito cha kijani kilichoiva, zimesimama wima kwenye mashimo yake na ndani zina matunda ya cheri. Yana vikonyo, yana kokwa, na zilipofunguliwa zilitoa harufu kwa mbali ya maua ya cheri. Wakaendelea kuchimba. Kufika Juni 2024 wakatangaza zimefika chupa 35 kwenye mashimo matano, 29 kati yake nzima kabisa, nyingine zina cheri nyingine zina vitunda vidogo vya vichakani. Chupa zenyewe zimetoka Ulaya, umbo lake ni la miaka ya 1740 mpaka 1750. Na kwa kuwa sakafu iliwekwa juu yake kabla ya au karibu na vita vya uhuru wao vya 1775, ina maana zile cheri zimekaa gizani miaka kama 250.

Habari zikaenda dunia nzima kwamba zimepatikana cheri za George Washington. Na hapo ndo mimi naona hapana. Yule bwana hajapanda juu ya mti akachuma cheri. Hajaosha chupa, hajaanika zikauke, hajashuka stoo na jembe kufukia. Mwaka 1759 alimuoa Martha, mjane tajiri, na Martha akaja na watumwa wake, mmoja ni mwanamke anaitwa Doll ambaye ndo akawa mpishi mkuu, jiko lote lilikuwa chini yake pamoja na kuhifadhi matunda. Hakuacha barua hata moja. Kwenye makaratasi ya mabwana yupo kama jina kwenye orodha ya mali. Wanaakiolojia wa pale wenyewe wanasema wazi kwamba ile ni kazi ya watu waliokuwa watumwa, lakini vichwa vya habari havina nafasi ya jina la Doll.

Kuna mambo ya makaburi pia, hayo ndo yaliyonifanya nisilale, nitayaandika nikitoka kazini.

Kijana wa Geita

Mkuu uzi mzuri. Swali, hawakupata dhahabu au hela? Jumba la rais tena lina stoo ya chini halafu wakute juisi tu? Huku kwetu ukisikia kuna sehemu Mzungu alifukia kitu chini ya sakafu watu wanakesha na majembe.

FundiChokaa

Hapana mkuu, hakuna dhahabu, na hata wangeikuta isingewaambia chochote kipya maana kila mtu anajua alikuwa tajiri.

Wanachotafuta hawa ni vitu ambavyo mimi na wewe tungevimwaga na toroli. Nimewaona kwa macho yangu siku hiyo, dada mmoja amepiga magoti kwenye shimo la mraba, mkononi ana mwiko mdogo kama wangu wa kuzibia maungio ila umenolewa ncha, anakwangua udongo kama mtu anayekwangua ukoko chini ya sufuria. Udongo wote unaenda kwenye chekeche la waya, unachekechwa, kinachobaki juu kinaokotwa kimoja kimoja. Kifungo. Mfupa wa samaki. Msumari. Kipande cha sahani kama ukucha. Kila kitu kinaingia kwenye mfuko wake na namba ya shimo na tabaka. Nikamuuliza dada kwa nini asitumie koleo kubwa amalize mapema, akaniambia kitu kikishatoka mahali pake bila kuandikwa kimekuwa takataka tu, hata kiwe kizuri vipi.

Mama Achari

Hamjambo nyote. Mie wa Mombasa, kazi yangu ni hizo hizo chupa, natia achari ya ndimu na ya maembe nauza, mwaka wa kumi na sita huu. Nimeisoma hii habari mara mbili kwa sababu ya kile kikonyo.

FundiChokaa umesema cheri zilikutwa na vikonyo vyake. Je, vilinyofolewa ama vilikatwa? Kwa sababu tunda ukilinyofoa kikonyo kinatoka na ngozi, pale juu panabaki kidonda, na ukilitia chupani lenye kidonda haliishi wiki, linachacha na linaambukiza wenziwe wote. Ukitaka likae ulikate kwa kisu ama mkasi na kikonyo kibaki. Hii hufundishwi shule, hii ni ya kuambiwa na mkubwa wako jikoni na kupigwa kofi la mkono ukikosea.

Na chupa nayo. Chupa iwe kavu, kavu kabisa, tone moja la maji latosha kuharibu. Na tunda lisichumwe na umande. Halafu kizibo kikazwe ndipo itiwe kwenye ubaridi. Yaani mtu alozitia zile chupa zikakaa miaka 250 zikatoka bado na harufu, huyo mpishi alikuwa mpishi, wallahi.

FundiChokaa

Mama Achari umenifanya nirudi kusoma upya. Jibu ni walikata. Waliviangalia vikonyo kwa darubini wakakuta ncha zimekatwa safi, kama kwa mkasi. Zaidi ya kokwa 50 zimetoka kwenye zile chupa mbili za kwanza na vikonyo vyake. Vizibo vilikuja kuoza na maji ya ardhini yakapenyeza ndani ila tunda likabaki limelala pale pale.

Kwa hiyo ulichosema wewe kutoka jikoni Mombasa ndicho walichokiona wao kwa darubini. Nimempigia simu binti yangu akiwa shule nimsomee ulivyoandika.

Akiolojia_Mlimani

Wakuu niongezee kidogo, nasoma akiolojia mwaka wa pili, na hii mada ndo iliyonivutia kwenye hii fani.

Watu wengi wanajiuliza wanajuaje miaka. Mount Vernon wana bahati ya makaratasi, Washington alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, lakini udongo una saa zake pia. Saa ninayoipenda mimi ni kiko. Zamani Waingereza walikuwa wanavuta tumbaku kwenye kiko cha udongo mweupe, kinavunjika ovyo, kinatupwa, kwa hiyo kwenye nyumba za enzi hizo vipande vya shina la kiko vimejaa kama pumba. Sasa kadiri miaka ilivyokwenda shina lilirefuka na tundu la katikati likawa jembamba. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa huko Marekani, J. C. Harrington, akaja na wazo la kupima yale matundu kwa misumari ya drili, ile ya kawaida ya fundi, zile saizi za inchi kugawanya kwa 64. Tundu kubwa la saizi ya tisa ni la mapema miaka ya 1600, saizi ya nne ni karne ya 18 inaenda ukingoni. Ukiwa na vipande vingi unapata picha ya miaka ya lile tabaka bila karatasi yoyote.

Saa nyingine ni vyombo vya kauri. Kila aina ya sahani ina mwaka ilipoanza kutengenezwa, kwa hiyo ukikuta kipande cha sahani iliyoanza 1762 ndani ya shimo, lile shimo haliwezi kuwa limefukiwa kabla ya 1762, hata aje nani akuambie.

Ila mtoa mada kuna sehemu hujaigusa na ndo kubwa kuliko chupa zote. Pembeni ya jumba kulikuwa na nyumba ya watumwa, kwenye makaratasi inaitwa Nyumba ya Familia, ilibomolewa miaka ya 1790. Walichimba shimo la stoo yake miaka ya 1980, lilikuwa limejengewa matofali na likageuka jalala, humo ndo maisha yao yamo. Chakula alichokuwa anawapa bwana kilikuwa unga wa mahindi na samaki wa chumvi, kama ng'onda hivi. Basi, hicho ndicho kilichoandikwa kwenye daftari. Shimo likasema vingine kabisa. Kuna mifupa ya samaki aina kwa aina wa kuvua wenyewe, ndege wa porini, wanyama wa kuwinda usiku, na risasi ndogo ndogo za bunduki ya ndege, maana yake baadhi ya watumwa walikuwa wanashika bunduki wakiwinda. Kuna vyungu vya kufinyanga kwa mkono vilivyochomwa kwa moto mdogo. Na kuna kimfupa cha mnyama anaitwa rakuni, mtu amekichora mstari kuzunguka ncha moja, kama wa kufungia uzi akivae.

Hicho kimfupa nimekiona kwenye picha tu. Nakifikiria sana. Mtu ametoka shambani amechoka, amekaa chini na kisu, anazungusha mstari taratibu kwenye mfupa. Hakuna daftari duniani lililoandika hilo.

Mlumbi

Mada nzuri ila nami nitoe la moyoni, tumtendee haki mzee Washington. Huyu si ndo yule aliyewaacha huru watumwa wake kwenye wosia? Marais wengine wa zama zake walikufa wakiwa wamewashikilia. Mbona tunamchimba yeye tu? Na ile hadithi ya utotoni ya kukata mti wa cheri akakiri kwa baba yake, huoni hata hizo cheri ni kama Mungu anakumbushia?

FundiChokaa

Mlumbi nakujibu kwa heshima. Hadithi ya mti wa cheri ilitungwa na mchungaji mmoja baada ya Washington kufa, ikachapwa 1806. Ya kweli ni hizi za chupani.

Kuhusu wosia ni kweli, lakini isome mpaka mwisho. Mwaka 1799, mwaka aliokufa, pale Mount Vernon kulikuwa na watumwa 317. Wa kwake kisheria walikuwa 123. Wengine 153 walikuwa wa mali ya urithi ya mume wa kwanza wa Martha, Martha anawatumia tu maisha yake yote kisha wanaenda kwa wajukuu, si George wala Martha aliyekuwa na uwezo kisheria wa kuwaachia. Waliobaki walikodishwa kutoka kwa majirani. Wosia ukasema wale 123 wawe huru Martha akishafariki, Martha mwenyewe akawaachia mapema, 1 Januari 1801. Mwaka 1802 akafariki, wale 153 wakagawanywa kwa wajukuu wanne.

Sasa fikiria miaka yote ile watu wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana. Baba yuko kwenye 123, mama yuko kwenye 153, na watoto wanafuata upande wa mama. Baba anapewa uhuru asubuhi ya mwaka mpya, mke na watoto wanabaki, mwaka unaofuata wanagawanywa kama sahani. Na Doll alikuwa kundi la 153. Jiko zima, maisha yake yote, na wosia haukumgusa.

Simchimbi Washington mkuu. Pale wanachimba ili Doll apate nafasi.

Mlumbi

Hilo la makundi mawili sikulijua. Nimekaa nalo. Asante kwa kunijibu bila matusi.

FundiChokaa

Haya sasa makaburi.

Ukitoka kwenye kaburi la Washington lenyewe, lile la matofali lenye geti la chuma, unashuka kidogo upande wa kusini magharibi unaingia kwenye miti. Hapo ndo walizikwa watumwa wa Mount Vernon na pia weusi waliokuwa huru. Hakuna mawe ya kaburi, hakuna majina. Mwaka 1929 wenye jumba waliweka jiwe moja dogo chini linasema watumishi weusi waaminifu wamezikwa hapa, neno mtumwa halimo kabisa. Mwaka 1983 likaongezwa la pili, safari hii limebuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, na hilo linawataja kama watumwa.

Mwaka 2014 wakaanza kuyatafuta makaburi yenyewe moja moja. Na hapa sikilizeni, hawachimbi kaburi. Hawagusi mfupa. Wanatoa udongo wa juu tu, majani yaliyooza na mizizi, mpaka wafike kwenye udongo mgumu wa chini, wanausafisha kwa ule mwiko, wanatazama rangi. Kisha wanapima, wanachora, wanafunika tena.

Binti yangu akauliza kwa sauti, sasa wanajuaje kama hapo kuna mtu? Yule kijana wa kuelezea wageni kabla hajajibu mimi nikawa nimeshaliona. Kwetu nimechimba makaburi toka nina miaka kumi na saba, ukiwa kijana mwenye nguvu kijijini ndo kazi yako. Udongo ukishachimbwa haurudi kama ulivyokuwa. Unatoa mweusi wa juu, unatoa mwekundu wa chini, ukirudisha unachanganyika, na hata ukiushindilia kwa miguu vipi unabaki na madoa madoa, na ule mstari wa ukingo wa koleo haufutiki. Pale chini ulikuwepo. Mstatili, umelala mashariki magharibi, udongo wake una madoa ya rangi ya machungwa, pembeni udongo ni wa rangi moja. Karibu yake mwingine. Na mwingine, huu mfupi.

Mfupi kabisa. Kama urefu wa meza ya kahawa.

Binti alinishika mkono hakuuliza tena. Wameshafikisha makaburi zaidi ya 80 kwa njia hii. Nilichoshindwa kukivumilia ni kwamba aliyechimba yale makaburi naye alikuwa mtumwa, kachimba usiku au jumapili baada ya kazi za bwana, na alichimba kwa kunyoosha. Kingo zile zimenyooka wakuu. Mimi nanyoosha kuta kwa kulipwa kwa saa. Yule alinyoosha kwa ajili ya mtu wake.

Mama Achari

Mungu awarehemu. Sina la kuongeza hapa.

Mwana wa Bububu

Assalaam aleikum. Mie wa Unguja, nnafuatilia toka jana. Hapa kwetu karibu kabisa na njia ya Bububu pana magofu ya Mtoni, kasri ya Seyyid Said, ndimo alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Liliungua 1914. Watalii wanapelekwa kuangalia mabirika ya kuogea na kuambiwa habari za binti mfalme. Nami nnapita pale kila siku na sijawahi kusikia mtu anauliza waliochota maji ya yale mabirika walilala wapi.

Pemba kwengine kuna hatua. Mgoli kule wanaakiolojia walichimba nyumba ya mwenye shamba la karafuu wa karne ya 19, wakatazama na vigae vya watu wa chini. Karafuu zetu ndizo hizo hizo habari, shamba kubwa, nyumba ya mawe, na waliochuma. Hapa utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897, si zamani, kuna watu wamewahi kukaa na bibi aliyeziona siku zile.

Na swali kwa kijana wa Mlimani. Kauri umeitaja ya sahani. Sie kwetu kauri ni sahani na kauri ni yule simbi wa baharini. Huko Virginia wameokota simbi?

Akiolojia_Mlimani

Swali zuri sana mkuu. Ndiyo, simbi za kauri zimepatikana Virginia sehemu kadhaa, mojawapo ni Monticello, shamba la Thomas Jefferson rais wa tatu, kwenye safu ya nyumba na karakana za watumwa. Kauri hazipatikani kabisa pwani ya Virginia, ni za bahari za joto, Bahari ya Hindi na Pasifiki, Maldives walikuwa wanazivuna kwa wingi. Wazungu walizinunua Asia kwa magunia, wakazipeleka Afrika Magharibi kununulia watu. Kwa hiyo kauri moja ikiokotwa kwenye udongo wa Virginia imezunguka nusu ya dunia, na huenda ilivuka bahari ya mwisho ikiwa imeshonwa kwenye nguo au nywele za mtu.

Mjukuu wa Manamba

Wakuu nimesoma uzi wote mpaka hapa na naona niseme langu.

Mimi kwetu ni upande wa Muheza, ndani huko kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ulianza kupandwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Mjerumani, na babu yangu alikuja baadaye sana kama manamba, walikuwa wanaletwa kutoka bara wanapewa namba, ndo jina lilipotoka. Karibu na kwetu kuna nyumba ya bwana shamba, kuta nene, madirisha marefu, paa lilishaanguka. Nikiwa darasa la sita waliingia watu usiku wakasema wana ramani ya mali za Mjerumani. Wakavunja sakafu yote. Siku ya pili na ya tatu nasi watoto tukaenda kusaidia kwa ahadi ya hela ya soda, tukabeba udongo kwa ndoo tukamwaga korongoni.

Nakumbuka kabisa nilichobeba. Vipande vya sahani nyeupe zenye mstari wa bluu. Chupa, nyingine nzima, tukazigonga kwenye mawe tusikie zinavyolia. Mifupa ya kuku. Na nyuma ya nyumba walipochimba jikoni kulitoka vyungu vya kwetu, vya udongo, na bangili ya shaba ndogo. Bangili mmoja wao akaitia mfukoni. Dhahabu hawakupata na hela ya soda hatukupewa.

Leo nasoma hapa kwamba kitu kikitoka mahali pake bila kuandikwa kimekuwa takataka. Nimeumia. Ile jiko ndo alikofanya kazi bibi yangu mzaa baba.

Kijana wa Geita

Ndugu yangu pole. Na mimi niliuliza dhahabu juu huko. Kumbe kuna ubaya nilikuwa siuoni.

Akiolojia_Mlimani

Mjukuu wa Manamba pole sana mkuu. Kisheria kuchimba vile bila kibali ni kosa, Sheria ya Mambo ya Kale ipo toka 1964, ila najua sheria haifiki korongoni. Nikuambie kitu lakini, si kila kitu kimepotea. Waliochimba hazina huwa wanakimbilia chini ya sakafu na chini ya mti mkubwa, jalala hawaligusi. Kila nyumba ya zamani ina mahali walipokuwa wanamwaga taka, mara nyingi ni mlango wa jikoni upande wa mteremko. Mount Vernon lile jalala la karibu na jiko lilichukua miaka minne kuchimba, 1990 hadi 1994. Ukienda usichimbe tafadhali. Tembea tu, piga picha vigae vilivyotokeza juu na uviache hapo hapo, chora ramani kwa mkono hata kama ni mbaya, nyumba iko wapi, jiko wapi, kisima wapi. Na kama kuna mzee yuko hai muulize kambi za manamba zilikuwa upande gani.

FundiChokaa

Sikiliza huyo kijana. Na ongeza kipimo cha matofali, urefu, upana na kimo, tofali moja nzima, pamoja na picha ya maungio yake. Mtu akija kusoma ile nyumba baadaye vitamsaidia.

Mama Achari, binti yangu anauliza kwa niaba yako kama zile kokwa zinaweza kuota. Nimemuonyesha, wameshirikiana na wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani kupima vinasaba vyake wajue ni cheri ya aina gani, na hilo la kuota nalo wanaliangalia. Kwenye kazi yake ya shule ameandika kichwa "Cheri za Doll". Mwalimu alimuuliza Doll ni nani, akasimama akaeleza darasa zima habari ya kikonyo, akisema ameisikia kwa mama mmoja wa Mombasa.

Mama Achari

Mwambie shangazi yake wa Mombasa amefurahi mpaka machozi. Akija likizo nitamfundisha achari, aanze na kukata kikonyo.

Mjukuu wa Manamba

Wakuu narudi. Leo jumapili nilimpigia bibi, yuko na miaka tisini na kitu, masikio mazito lakini kumbukumbu nzima. Nikamuuliza jikoni kwa bwana shamba mlikuwa kina nani. Akacheka kwanza, akasema mbona hujawahi kuniuliza. Kisha akanitajia majina saba, mmoja mmoja, na kabila la kila mmoja na namba ya mume wake shambani, bado anazijua zile namba. Wawili walizikwa nyuma ya kambi ya zamani, anasema kuna mkwaju.

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Ijumaa nashuka Muheza, nimebeba futi ya fundi.